Mjadala: Kasoro za gari dogo lililotumika, nani azibebe?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Ubishi wa magari madogo ya bei nafuu yaliyotumika hauishi. Wapo wanaosema linakula mafuta kidogo, linaegeshwa popote, spea zake zimejaa. Wapo wanaosema ni jepesi mno, halina nguvu mlimani, lori likilipita linayumba, na ukipakia watu watano na mabegi limekwisha. Yote ni kweli, na ndiyo maana hayanisumbui. Injini ya sentimita za ujazo 1,000 ukiipandisha mlima na abiria wanne itakuonyesha uwezo wake ndani ya dakika kumi. Utaliona, utaridhika au utaondoka.

Kinachonisumbua ni kasoro isiyoonekana siku ya kununua, ambayo muuzaji anaijua na mnunuzi haijui. Hoja yangu ni hii: anayeuza gari aandike kila kasoro anayoijua na asaini. Ikibainika alificha, gharama ya matengenezo iwe yake. Na hilo liwe sheria, lisiachwe kwa hisani ya mtu.

Nimefika hapa kwa maumivu. Nilinunua gari dogo la otomatiki lenye gia boksi ya CVT. Kwa wasioijua, hiyo haina gia za kuhesabika moja, mbili, tatu. Ni mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, ndiyo maana gari linaongeza mwendo bila kushtuka. Inabana mafuta, kwa hiyo watengenezaji wengi wameiweka kwenye magari madogo. Lakini uhai wa mkanda ule ni oili yake maalumu. Ikiwekwa oili ya gia boksi ya kawaida, au ikiachwa miaka bila kubadilishwa, mkanda unateleza na kuchubua puli.

Siku nilipokwenda kulijaribu, nilikuta muuzaji ameshaliwasha na lina moto. Lilikwenda vizuri sana. Mwezi wa tatu likaanza kutetemeka kila nikiondoka kwenye taa za barabarani, mlio wa injini unapanda lakini gari halisogei. Fundi akafungua nati ya chini. Oili ikatoka nyeusi, inanuka kuungua. Alipotoa sumaku iliyo ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, ilikuwa imevaa unga wa chuma mzito, laini kama masizi, akaupangusa kwa kidole akanionyesha bila kusema neno. Nilimpigia muuzaji. Akakiri kwamba fundi wake alishamwambia kabla hajaliuza, kisha akaniuliza: "Si ulilikagua mwenyewe?"

Matengenezo yalimeza karibu nusu ya pesa niliyonunulia gari zima. Hapo ndipo gari la bei nafuu linapomuumiza mtu wa kipato kidogo kuliko gari la bei kubwa linavyomuumiza tajiri. Gia boksi haishuki bei kwa sababu gari limezeeka.

Naomba hoja zenu.

Muuza Magari

Pole sana mkuu, aliyekufanyia hivyo hakukutendea haki. Lakini naomba uione biashara kwa upande wetu. Gari ninalouza mara nyingi nimekaa nalo wiki mbili. Nimelinunua kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mwingine. Najuaje oili ya gia boksi ilibadilishwa lini? Ukinibebesha kasoro zote nitafanya moja kati ya mawili: nitapandisha bei ili nifidie hatari, au nitaacha kabisa kushika magari yaliyopita miaka kumi. Yule mwenye uwezo wa gari hilo tu utakuwa umemfungia mlango, wakati ulitaka kumlinda. Mnunuzi ana macho na anaweza kuja na fundi. Mimi sijawahi kumkatalia mtu kuja na fundi wake.

Mleta mada

Ndugu yangu, nashukuru kwa kusema wazi. Ila soma tena nilichoandika: kasoro *anayoijua*. Usichokijua sikudai. Ukiandika "gia boksi sijaikagua", nayo ni taarifa, nami nitapanga bei yangu kwa kuizingatia.

Hofu ya kuua biashara si ngeni. Marekani, Tume ya Biashara ya serikali kuu ilipitisha mwaka 1981 kanuni iliyomtaka mfanyabiashara wa magari yaliyotumika ataje kasoro kubwa anazozijua. Bunge likaipiga chini mwaka 1982. Iliyoanza kazi 1985 inamtaka abandike dirishani karatasi inayosema kama gari lina dhamana au linauzwa lilivyo, na kipengele cha kasoro zinazojulikana kikaondolewa. Yaani hoja yangu hii watu walishaifikisha mezani zaidi ya miaka 40 iliyopita, na wauzaji wakaipinga kwa nguvu.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya haki za walaji ya 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kulikataa gari lililokuwa bovu tangu alipokabidhiwa na kudai pesa yake yote. Magari madogo ya zamani bado yanauzwa kule kila siku. Pengo lao ni kwamba ukinunua kwa mtu binafsi kinga hiyo huipati, na sisi wa pesa ndogo ndio tunaonunua kwa mtu binafsi.

Tena sheria hii ingekufaa wewe usiyeficha kuliko inavyonifaa mimi. Mchumi George Akerlof alieleza jambo hili mwaka 1970 akitumia mfano huu huu wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, atalirudisha nyumbani. Mwenye bovu atafurahi. Mwisho sokoni yanabaki mabovu, na wewe mwaminifu unabanwa bei sawa na aliyeniuzia mimi.

Fundi wa Gereji

Nawasikia wote, ila mnamsahau mtu wa tatu, naye ni mtengenezaji. Ford waliweka kwenye Fiesta na Focus gia boksi ya PowerShift yenye klachi mbili kavu. Wateja wakalalamika kutetemeka na kupoteza nguvu. Mahakama ya Shirikisho ya Australia mwaka 2018 iliwatoza Ford wa huko faini ya dola za Australia milioni 10 kwa namna walivyowatendea waliolalamika, wengi wakiambiwa tatizo ni uendeshaji wao. Hao walinunua magari mapya, kutoka kwa kampuni, na bado walizungushwa. Sasa fikiria anayelinunua gari hilo akiwa mkono wa tatu au wa nne. Karatasi ya muuzaji itamsaidia, lakini haitoshi.

Na tusiseme kana kwamba CVT zote ni balaa. Nimeona zinazotembea miaka mingi kwa sababu mwenye gari alifuata oili iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukitaka kujua, liwashe likiwa baridi, tia D, achia breki taratibu. Likisita kisha likaruka, au likitetemeka kwenye mwendo wa polepole, usibishane na muuzaji, ondoka.

Jambo la pili ni mkanda wa taiming, ule unaozungusha vali ziende sawa na pistoni. Kwenye injini zenye mkanda wa mpira, kwa kawaida unabadilishwa baada ya kilomita 90,000 hadi 100,000 au kadiri kitabu kinavyosema. Kwenye injini nyingi ukikatika barabarani, pistoni zinagonga vali, injini inashushwa yote. Muuzaji akikwambia "umeshabadilishwa" mwombe risiti. Hana risiti, basi haujabadilishwa, na uukate kwenye bei. Injini ya cheni hiyo hesabu haikuhusu.

Dereva wa Zamani

Mimi siku zote naangalia kilomita. Chini ya 80,000 nanunua, juu ya hapo napita.

Fundi wa Gereji

Mzee wangu, shikamoo. Kilomita zinarudishwa kwa kifaa kinachochomekwa chini ya usukani, na ni kazi ya muda mfupi. Angalia mpira wa pedali ya breki. Ukikuta umelika hadi chuma kinachungulia upande wa kulia, na dashibodi inasema 60,000, kimoja kati ya hivyo viwili kinadanganya, na mpira hauna sababu ya kudanganya. Ukikuta mpira mpya kabisa kwenye gari la zamani, jiulize umebadilishwa kwa nini. Angalia na tairi: tarakimu nne kwenye ubavu, mfano 2318, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Mama wa Watatu

Naomba niwakatishe kidogo kaka zangu. Tangu juu mnazungumzia gia boksi. Gia boksi likifa tutatembea kwa miguu. Mimi nawaza kitu kingine. Gari hili nitalipakia watoto.

Mwaka 2014 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, waligongesha magari matano madogo yaliyokuwa yanauzwa India, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Tata Nano, Suzuki Alto, Hyundai i10, Ford Figo na Volkswagen Polo, yote bila eabegi, ile mifuko ya hewa inayofyatuka kumkinga mtu kwenye ajali. Yote yalipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Polo hiyo hiyo ilipowekewa eabegi mbili ikapata nyota nne. Bodi ni ile ile, jina ni lile lile. Sasa ninaponunua lililotumika, nitajuaje nimepata Polo ipi? Na kama eabegi zilishafyatuka kwenye ajali, nitajuaje zilirudishwa? Na zile za kampuni ya Takata ya Japani zilizorudishwa kiwandani dunia nzima kwa sababu zinapasuka na kurusha vipande vya chuma, nazo zilikuwa kwenye magari madogo pia.

Halafu kuna uzito. Gari la kilo 900 likigongana uso kwa uso na la kilo 1,800, dogo linabadilika mwendo ghafla mara mbili ya lile kubwa. Hilo hakuna fundi wa kulitengeneza. Kwa hiyo mimi nasema swali la mada limekaa vibaya. Kabla ya kuuliza nani alipe, tuulize magari gani yasiuzwe kabisa kwa mtu wa familia.

Mleta mada

Dada, umenisahihisha na nakubali. Nilianza na kilichoniuma mfukoni. Kama kuna karatasi ya kusaini, mstari wa kwanza uwe eabegi na ajali zilizopita, gia boksi ifuate chini.

Kwenye kuzuia yasiuzwe, hapo sikufuati moja kwa moja. Ukiondoa sokoni gari dogo lisilo na eabegi, familia nyingi hazitapanda ngazi kwenda gari salama zaidi. Zitapanda pikipiki, watu wanne juu yake. Nyota sifuri ndani ya bodi ya chuma na mikanda imefungwa bado ni afadhali kuliko hapo. Ila hili nalisema kwa uzito moyoni, kwa sababu ni hoja ile ile ya Muuza Magari niliyomkatalia juu, ya kwamba ukimlinda maskini unamfungia mlango. Tofauti ninayoiona ni kwamba kuandika ukweli hakumwondolei mtu gari. Kunampa nafasi ya kuchagua akijua.

Muuza Magari

Kwa hapo tumekaribiana. Kuandika ninachokijua naweza. Tatizo langu lilikuwa kudaiwa baada ya miezi sita kwa kitu kilichokufa mikononi mwa mnunuzi. Na mngedai pia rekodi ya ukaguzi iwe wazi kwa kila mtu, kama Uingereza ambako unaingiza namba ya gari mtandaoni unaona kila ukaguzi liliofeli na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Hapo wala msingehitaji kuniamini mimi.

Mama wa Watatu

Hilo la rekodi naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mimi kesho asubuhi nakwenda kuangalia gari, na rekodi haipo. Niangalie nini?

Mleta mada

Mwambie muuzaji usiku huu asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na moto, mwambie utarudi jioni likiwa limepoa.

Washa swichi bila kuwasha injini na uangalie taa ya eabegi kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, hilo ni baya zaidi: huenda kuna mtu aliitoa au aliiunga kwenye taa nyingine ili usijue. Kisha vuta mkanda wa kila kiti hadi mwisho wake, ukiwemo ule wa katikati nyuma watakapokaa watoto. Ukiona mstari wa kahawia au mchanga kwenye sehemu ambayo kwa kawaida haitoki nje, huenda gari liliingia maji. Mkanda usiorudi, au uliokakamaa, huenda ulishafanya kazi kwenye ajali.

Nakili namba ya chesisi, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kurudishwa kwa ajili ya eabegi. Kazi ya kubadilisha zile za Takata hufanywa kwa gharama ya mtengenezaji, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.

Mwisho, chukua karatasi, andika: "Je, gari hili limewahi kupata ajali, kuingia maji, au kuambiwa na fundi lina tatizo la injini au gia boksi?" Mpe kalamu. Mwangalie anavyoshika kalamu. Mimi sikufanya hivyo. Ukitoka huko, tuandikie hapa amejibu nini.