Nyama ya kusaga dola saba ratili: mwenye bucha anatuonea, au kuna jambo?

Kutoka: Mama wa watoto wanne, Columbus, Ohio

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu habari za siku nyingi.

Nina dukuduku. Jumamosi nilikwenda kwenye bucha ya halali tunakonunua wengi wetu upande huu. Nyama ya kusaga, dola saba na ushee kwa ratili. Mbuzi ndiyo usiseme. Hata mifupa ya supu, ambayo zamani nilikuwa naongezewa tu juu ya mzigo, sasa ina bei yake. Nikamuuliza mwenye duka, akanijibu, "Dada, hata mimi nanunua ghali." Sikumwamini. Nikachukua kuku watatu, nikatoka nimenuna.

Pilau ya Ijumaa nyumbani kwangu ni ya kuku, wiki ya tano hii, na watoto wameanza kuuliza. Naombeni mniambie kweli: anatuonea, au kuna jambo? Na nyinyi huko mnafanyaje?

Kutoka: Mzee wa mifugo, Wichita, Kansas

Mwanangu, wa aleikum salaam.

Nilikuwa afisa mifugo Longido, Tanzania, miaka kumi na tisa kabla ya kuwafuata wanangu huku, na hapa Kansas ukikaa na watu wazima mazungumzo ni ng'ombe. Kwa hili, mwenye bucha wako hana kosa. Mwombe radhi ukipata nafasi.

Tarehe 1 Januari 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7. Idadi ndogo hivyo haikuwa imeonekana tangu 1951, na mwaka huo watu wa nchi hii hawakufika hata nusu ya walivyo leo. Ng'ombe wa sasa ni mzito kuliko wa zamani, ndiyo maana nyama haijaadimika kabisa. Lakini bei imesema. Mwanzoni mwa 2020 ratili ya nyama ya kusaga ilikuwa chini kidogo ya dola 4 kwa wastani wa nchi nzima. Juni 2025 wastani huo ulivuka dola 6 kwa mara ya kwanza.

Chanzo kikubwa ni ukame. Kuanzia 2020 hadi 2023 nyanda za Texas, Oklahoma, Kansas na Nebraska zilikauka. Malisho yakaisha, majani makavu yakapanda bei, na 2022 vita vya Ukraine vikapandisha mahindi. Mfugaji asiye na cha kulisha hufanya nini? Huuza, na akibanwa sana huuza hata majike. Mimi nimeliona hili Longido mwaka 2009. Tofauti ni kwamba kule ng'ombe walitufia malishoni, huku waliwahishwa machinjioni. Ndiyo sababu mwaka 2022 nyama ilikuwa tele madukani na hakuna aliyeshtuka. Mwaka ule, mwanangu, tulikuwa tunakula mbegu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wengi hawaifahamu. Mvua ikirudi, kundi halirudi na mvua. Mfugaji akitaka kuongeza kundi lazima abakize mitamba, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, na kila mtamba anayebaki zizini ni nyama ambayo haikuja bucha. Kwa hiyo siku wafugaji watakapoanza kujenga upya, bei itapanda zaidi kabla ya kushuka. Mtamba hupandwa akiwa na miezi kama kumi na tano, hubeba mimba miezi tisa, na ndama wake hufika machinjioni akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Tena wastani wa umri wa mkulima wa hapa ni miaka 58, na bei ya mnyama hai iko juu sana. Mzee wa umri wangu anayepewa pesa nzuri leo kwa mtamba wake, utamwambia asubiri miaka mitatu?

Juu ya hayo kuna nzi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye kidonda cha mnyama aliye hai, na funza wake wanakula nyama ile ile hai. Marekani ilimwondoa nchini mwake miaka ya 1960 kwa kufuga madume yake, kuyahasi kwa mionzi na kuyarusha kutoka angani, yakipandana na majike mayai hayaanguliwi. Ndugu wa Unguja mnaijua njia hii: ndiyo iliyomaliza mbung'o kisiwani kwenu kufikia 1997, na madume yake yalifugwa Tanga. Nzi huyu wa Marekani amepanda tena kutoka kusini, akapita Amerika ya Kati hadi Mexico. Julai 2025 mpaka ulifungwa tena kwa ng'ombe hai wa Mexico, ambao kwa kawaida huwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ushuru nao ulichangia. Nyama ya Brazil iliongezewa mzigo Agosti 2025, ukaondolewa Novemba, lakini nyama haivuki bahari kwa wiki moja.

Kwa hiyo usipange bajeti kwa matumaini ya mwezi ujao. Panga kwa miaka.

Kutoka: Ndugu yenu wa Bukavu, Iowa

Jambo kwenu wote, na heshima kwa mzee.

Miye nafanya kazi kwa kiwanda cha nyama, mwaka wa sita huu, upande wa kutoa mifupa. Watu wananiambia, "Nyama imepanda, basi nyinyi mnakula franga." Hapana. Ng'ombe wamepungua, basi na kazi imepungua. Zamani tulikuwa tunatafutwa hata Jumamosi, sasa kuna wiki natimiza masaa thelathini na mbili tu. Mikono yangu inauma usiku vile vile na mshahara umekatika.

Ni kweli kampuni nne zinachinja karibu asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa katika nchi hii, na hilo mzee hakuligusa. Wakati wa korona ng'ombe walikuwa wengi na viwanda vikasimama, mfugaji akalipwa kidogo na mnunuzi akalipa sana. Hasira ile ya watu ilikuwa ya haki. Lakini leo hali imegeuka, ng'ombe hai ndiye ghali. Novemba 2025 Tyson, mojawapo ya kampuni hizo nne, walitangaza kufunga kiwanda cha Lexington, Nebraska, wafanyakazi karibu 3,200. Mji wenyewe una watu kama elfu kumi na moja. Naomba tuwakumbuke ndugu zetu Waafrika walioko pale. Mwenye kusikia kazi penginepo aandike hapa.

Kutoka: Ndugu wa Mombasa, Columbus, Ohio

Dada, sisi familia nne tuliacha kununua ratili kwa ratili tangu mwaka jana. Tunakwenda kwa mkulima, saa moja nje ya mji, tunanunua mnyama mzima akiwa hai na kugawana. Mnyama akishakuwa mali yenu, machinjio madogo yanaruhusiwa kuwachinjia kwa matumizi ya nyumbani. Vifurushi hupigwa muhuri kwamba si vya kuuza, na msiuze kweli, hata kwa yule mwenzetu anayepika chakula cha harusi.

Watu huumizwa kwenye uzito. Ng'ombe wa ratili 1,200 akishachunwa na kutolewa matumbo hubaki na ratili kama 740 akiwa ananing'inia, na ukitoa mifupa na mafuta utabeba nyumbani 500 au pungufu. Mbuzi wa ratili 80 hubaki 40. Basi mkulima akikutajia bei ya ratili, muulize ni ratili ipi, na ada ya kuchinja na kukata ni ya nani. Sisi mara ya kwanza hatukuuliza, tukajikuta tumelipa karibu mara mbili ya tulivyodhania.

Maini, utumbo, kichwa na miguu vitajeni mapema, la sivyo vinatupwa. Waambieni wakate vipande vya mchuzi, maana wao wakiachiwa wanajaza steki. Na machinjio mengine humruhusu Muislamu achinje mwenyewe, wapigieni simu kwanza.

Kutoka: Mama wa watoto wanne, Columbus, Ohio

Mzee wangu, nimekwenda leo. Nilimwomba radhi, akaniita nyuma ya kaunta akanionyesha ankara zake. Ni kama mlivyosema. Akanifungia mifupa bila kuipima, nikalia pale pale dukani.

Kaka wa Mombasa, tumo. Mpaka sasa tumepata familia tano kwa ng'ombe mmoja, tunatafuta tatu. Tukiwa wanane kila nyumba itapata ratili sitini hivi, na kwa hiyo inatosha friza yenye nafasi ya futi mbili za ujazo. Asiye na nafasi nitamwekea kwangu, mume wangu ametoa samaki wake. Tunaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi kutoka maegesho ya msikiti. Njooni na maboksi ya barafu.