Jeshi la Misri liliwavua wanawake nguo, wanaofungwa ni mabinti wa TikTok. Nyie mnacheka nini?

Wakuu, nimeusoma ule uzi wa jana wa "makahaba wa TikTok wa Misri" mpaka mwisho na usingizi ukaruka. Kurasa saba! Watu wazima na akili zao wanagongeana vicheko juu ya picha ya binti aliyesimama kizimbani analia. Mmoja kaandika, "Alhamdulillah, zipo nchi bado zinalinda dini." Kapewa like mia na kitu. Sikutaka kujibu kule katikati ya vichekesho, ndiyo maana nimefungua uzi wangu.

Nimeishi Cairo kuanzia 2016 hadi 2021, Madinat Nasr, mume wangu akisoma Azhar. Waliosoma kule wanajua mitaa ile ilivyojaa Waswahili. Kiarabu changu ni cha sokoni na cha ngazini, ila kilinitosha kujua nani anaogopa nini.

Tuanze na hiyo "kulinda dini".

Tarehe 9 Machi 2011, haujatimia hata mwezi tangu rais Mubarak ang'oke, askari waliingia uwanja wa Tahrir, katikati ya Cairo, wakakamata waandamanaji, wanawake wakiwemo, wakawapeleka gereza la kijeshi. Wakawavua nguo kuwapekua kwenye chumba chenye milango wazi, askari wanachungulia. Halafu wale ambao hawajaolewa wakapimwa ubikira, na aliyewapima ni mwanamume. Waliambiwa atakayeonekana si bikira atashtakiwa kwa ukahaba. Mmoja wao, Samira Ibrahim, binti wa Sohag huko kusini, akawa na ujasiri wa kwenda mahakamani kwa jina lake na sura yake. Desemba mwaka huo mahakama ya utawala ikasema vipimo vile ni haramu kisheria. Machi 2012 mahakama ya kijeshi ikamwachia huru daktari aliyeshtakiwa kwa kuwapima.

Mkuu wa upelelezi wa jeshi wakati ule aliwaambia Amnesty International, shirika la haki za binadamu, kwamba vipimo vile vilikuwa vya kuwakinga askari wasije wakasingiziwa ubakaji. Mkuu huyo anaitwa Abdel Fattah el-Sisi. Ndiye rais wa Misri tangu 2014. Ndiye ambaye chini ya utawala wake mabinti wanafungwa kwa kukosa maadili. Someni tena hiyo sentensi, kisha mniambie dini imeingilia wapi.

Desemba 17, 2011, askari wale wale wakamburura mwanamke barabarani karibu na Tahrir, baibui likapanda mpaka kichwani, akabaki na sidiria ya buluu, na askari mmoja akamkanyaga kifuani na buti. Dunia nzima iliona ile video. Na mnajua baadhi ya watu Misri walisema nini? Kwa nini hakuvaa nguo ndani ya baibui! Mtu anakanyagwa, wao wanakagua nguo za ndani. Siku tatu baadaye wanawake kwa maelfu wakaandamana katikati ya Cairo, wengi wao wamejifunika kuliko mimi ninayeandika hapa.

Katikati ya matukio hayo mawili kuna Aliaa Magda Elmahdy, binti wa miaka 20, aliyebandika picha yake ya uchi kwenye blogu yake, na soksi ndefu, viatu vyekundu na ua kichwani. Sitawadanganya, nisingependa binti yangu afanye vile, na nililelewa nyumba ambayo hata kamba ya kuanikia nguo za ndani ilikuwa uani. Lakini angalieni kilichofuata. Uchaguzi wa bunge ulikuwa unaanza Novemba 28. Watu wa dini wakamtumia kuonyesha nchi itakavyokuwa ikiwachagua waliberali, wale wasiotaka dini itawale siasa. Waliberali wakakimbia kama wameona nyoka. Vuguvugu la Aprili 6, la vijana walioandamana kumng'oa Mubarak, likatoa tamko kwamba si mwanachama wao. Kila upande ulimtumia au ulimkana, na mwenyewe akaishia Sweden. Nchi ile ile, miezi ile ile, iliyoshindwa kumtia hatiani mtu mmoja kwa wale waliovuliwa nguo kwa nguvu.

Sasa njooni kwa mastaa, maana huko ndiko mnakopenda.

2017 msichana anaitwa Shyma katoa video ya wimbo, yuko darasani mbele ya wanaume, anakula ndizi kwa namna ile. Video ya ovyo, nakubali, haina hata sauti ya kusikiliza. Miaka miwili jela, rufaa ikapunguza ikawa mmoja. 2018 mwigizaji Rania Youssef kafika kwenye tamasha la filamu la Cairo na gauni ambalo miguu inaonekana, mawakili wakakimbilia kwa mwendesha mashtaka, ikawa anakabiliwa na hadi miaka mitano, mpaka akaomba radhi ndipo wakamwachia.

Mtasema hao walijitakia. Haya, Sherine je? Sherine Abdel-Wahab, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa Misri. Shabiki kamwomba aimbe wimbo wake unaosema kuhusu kunywa maji ya Nile, akatania kwamba maji yale yatakupa kichocho, bora unywe ya chupa. Februari 2018 akahukumiwa miezi sita, baadaye rufaa ikamwokoa. Machi 2019 yuko jukwaani Bahrain, akasema hapa naweza kuongea, Misri anayeongea anafungwa. Chama cha wanamuziki kikamsimamisha kazi. Gauni la Sherine lilikuwa na tatizo gani? Uchi uko wapi kwenye kichocho?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wakuu. Mwanamke wa jukwaani anakamatwa anapoguswa heshima ya wenye madaraka, au wenye madaraka wanapotaka waonekane wacha Mungu baada ya kuwafunga wacha Mungu wenzao, wale wa Muslim Brotherhood. Sisi huku tunasoma kichwa cha habari, tunaona paja, tunapiga makofi.

Na pesa? Miaka ya 2000 video za wasichana wakikata viuno ziliingia kila nyumba ya Waarabu, na Tanga kwetu pia kwa wenye madishi. Aliyekuwa akizirusha mchana na usiku ni Rotana, mali ya mwanamfalme wa Saudia, Alwaleed bin Talal. Mtu huyo huyo 2006 akaanzisha chaneli ya dini, Al-Resalah. Mkono huu viuno, mkono huu mawaidha, na hakuna aliyemwita kizimbani kwa maadili. Januari 2019 Saudia wakamleta Mariah Carey, mwimbaji wa Marekani, kuimba, dunia ione jinsi walivyofunguka kwa wanawake. Siku anaimba, Loujain al-Hathloul, aliyedai haki ya wanawake kuendesha gari, alikuwa gerezani tangu Mei 2018. Aliwekwa ndani wiki chache kabla hiyo ruhusa ya kuendesha haijaanza kutumika! Alitoka Februari 2021.

Sasa hao mliokuwa mnawacheka jana. Haneen Hossam alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cairo. Ana mtandio kichwani kwenye video zake. Kosa lake kuwaambia wasichana wenzake wajiunge na programu ya kurusha video wapate pesa. Yeye na Mawada al-Adham, binti mwingine wa TikTok, wakahukumiwa Julai 2020, miaka miwili kila mmoja na faini ya pauni 300,000. Januari 2021 rufaa ikawatoa kwenye kifungo. Zikaja tuhuma nyingine za usafirishaji haramu wa binadamu, na Juni 2021 Haneen akapewa miaka 10, Mawada 6. Ya Haneen ilishushwa ikawa 3 mwaka uliofuata. Sheria iliyowanasa kwanza ni namba 175 ya 2018, kifungu cha 25, "maadili ya familia ya Misri". Hakuna mahali sheria hiyo inasema maadili hayo ni yapi. Hakimu ndiye anayeamua.

Wiki ile ya hukumu mlango wangu uligongwa usiku. Binti wa jirani wa ghorofa ya chini, miaka 16, kashika simu kwa mikono miwili, mama yake nyuma yake na povu la sabuni bado mikononi. Waliniomba niwasaidie kufuta video zote, wao simu iliwatatiza. Tulikaa ngazini kwa sababu umeme wa ndani kwao ulikuwa na shida. Nilizifuta moja moja, nikaziona zote. Yuko jikoni, kashika mwiko kama maikrofoni, anafuatisha wimbo, nyuma sufuria ya molokhia, mboga yao kama mlenda, inachemka. Nyingine anamchezesha paka. Nguo zake ni pajama za mikono mirefu. Mama yake kila nikifuta moja ananiuliza, "Imekwenda kweli? Hawataiona?" Binti hakusema neno, alikuwa anatetemeka goti. Baba yake ni dereva wa mikrobasi. Wangepata wapi wakili wa kumwombea radhi kama Rania?

Mashtaka yao kule wanaita khadsh al-haya, kukwaruza haya ya umma. Haya hiyo hiyo yetu, na aibu na heshima na fedheha, zote tumezipata kwao. Mimi neno haya nililifundishwa na bibi yangu, na alianza na macho ya anayetazama. Haya ya mtu aliyekaa saa mbili kuvuta karibu picha ya binti kizimbani iko wapi?

Na msijifanye hayatuhusu. Mwaka huo huo wa 2018 na sisi tulipata kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni, na mwezi Aprili Diamond na Nandy wakahojiwa polisi kwa video zao. Wengi wenu mlicheka pia.

Aliyebandika ile picha ukurasa wa tatu, ndugu yangu, itoe. Yule binti ana mama. Moderator, kama haitoi, itoe wewe. Na mwenye kubisha abishe na tarehe nilizoweka hapa, asiniletee habari za mavazi yangu inbox kama mlivyoanza.