Tochi ya "mita 100" imenifia mita 17. Wauza tochi, mnataka kutuua?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni mzamiaji, naongoza wageni huku Nungwi, Zanzibar, huu mwaka wa saba. Mchana kazi haina neno, jua linafika mpaka kwenye matumbawe. Usiku ni habari nyingine. Tochi ndiyo macho yako na ndiyo mdomo wako: ukizungusha mwanga duara unamwambia mwenzako uko salama, ukiupeleka kushoto kulia kwa nguvu unamwita, kuna tatizo. Tochi ikizima huoni na husemi.

Mwezi uliopita ya kwangu ya zamani ikaanza kusumbua swichi. Nikavuka Dar, Kariakoo, duka moja (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Jamaa akanitolea boksi jeusi lililoandikwa lumeni 10,000 (yaani wingi wa mwanga), mita 100, IP68 (alama ya kuzuia vumbi na maji), betri ya mAh 9,900 (yaani chaji inayobeba), unachaji kwa waya wa simu. Shilingi 210,000. Hiyo si bei ya kitoto, kwa hiyo yule anayejiandaa kuja kuniambia "rahisi ni ghali" akae kwanza.

Saa moja na nusu usiku tukashuka, mimi na Wajerumani wawili, mtu na mkewe. Maji mafu, bahari imetulia, raha tupu. Mita 17 nawaonyesha samaki mkunga aliyetoa kichwa kwenye tundu la mwamba, naona mwanga unageuka manjano. Nikageuza tochi nitazame kioo. Ndani ya kioo mna maji, yamelala kama kwenye pima maji ya fundi mwashi. Nikiinamisha tochi nayo yanahama. Ikapepesa mara mbili, kiza.

Kilichoniokoa ni kijitochi cha akiba ninachokifunga kwenye jaketi kila mzamo wa usiku, hata nikichekwa. Lakini zile sekunde za kupapasa kamba ya kijitochi! Yule mama alinishika mkono, na hakuuachia tulipopanda, hakuuachia zile dakika tatu za kusimama mita tano kwa usalama, ameuachia tukiwa botini.

Botini nikafungua kifuniko cha nyuma. Psss! Kikaruka kikapita karibu na sikio. Jamani, hili msilirudie. Betri ya lithiamu ikiingiliwa na maji ya chumvi inatoa gesi, gesi inajibana mle ndani, na ukifungua kwa pupa umeshika bunduki. Elekeza kifuniko mbali na uso wako na wa wenzako, legeza kidogo kidogo.

Kesho yake nikaanza upelelezi. Betri ni ile 18650 ya kawaida, milimita 18 kwa 65. Nikatoa nyingine ya namna hiyohiyo kwenye tochi yangu kuukuu, zote mbili nikazipeleka kwa muuza viungo mwenye mizani ndogo ya kupimia zafarani. Ya zamani, imeandikwa mAh 3,000: gramu 46. Ile ya "9,900": gramu 28! Betri nzuri za saizi hii zinaishia kama mAh 3,500. Hiyo 9,900 ni wino tu.

Na lumeni zake je? LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa wati moja, kwa hiyo lumeni 10,000 zinataka wati 100. Betri moja halisi ya volti 3.7 na mAh 3,500 inaweza kutoa wati 13 kwa saa moja. Gawanyeni wenyewe: hata dakika nane haifiki. Mimi mzamo wangu ni dakika 45.

Halafu IP68. Ile 8 inasema kifaa kinavumilia kuzama zaidi ya mita moja, kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji. Basi. Simu nyingi nazo zina IP68, zipeleke mita 17 ambako shinikizo ni mara 2.7 ya huku juu uone. Oringi ya tochi hii, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, ni moja, nyembamba kama uzi wa kushonea kiatu, kavu, haijawahi kuonja grisi ya silikoni. Tundu la chaji limezibwa na kizibo cha mpira cha kubonyeza kwa kidole. Humo nimekuta kutu ya kijani na chumvi.

Nikampigia muuzaji.

"Bosi wangu, uliitia maji ya chumvi?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo bahari ilivyo.

"Ah, waranti yetu ni ya maji baridi. Mita ngapi?"

Kumi na saba.

"Sasa kaka, nani alikutuma huko?"

Akakata. Tangu hapo hapokei.

Kwa anayetaka kununua wiki hii: tafuta yenye betri ya kutoa na kuchaji nje, mwili usiwe na tundu la waya. Oringi mbili. Swichi ya sumaku, maana haitoboi mwili wa tochi. Lumeni 1,000 za kweli, na wameandika zinadumu muda gani, zinatosha kabisa. Mwanga uwe mwembamba. Ule mpana wa digrii 120 ni wa wapiga video, na kwenye maji ya kusi yenye uchafu utamulika vumbi mpaka uchoke. Na kabla hujaenda nayo usiku, ishushe mchana bila betri, ndani umetia karatasi ya chooni. Karatasi ikirudi imelowa, rudi dukani.

Mimi nataka 210,000 yangu. Na kama umeuziwa boksi jeusi kama hili, pima betri yake uweke picha hapa chini. Mizani yoyote, hata ya viungo.