Barua za babu kutoka Vita vya Kagera, mbona vita vyenyewe havimo?

Mjukuu wa Kitangari

Wakuu habari zenu, hasa nyie wa kusini. Wazee waliopo humu shikamooni.

Naomba mnisaidie kuelewa kitu. Babu mzaa baba alikuwa askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, alienda Kagera mwishoni mwa 1978. Alishafariki siku nyingi mi nikiwa bado mdogo kabisa, ila bibi yupo hapa Kitangari, mzima, macho tu ndo yamemgoma. Tulipokuwa tunamhamishia nyumba ya baba, chini ya kitanda kikatoka kisanduku cha bati, ndani kuna khanga, kadi ya TANU, na barua zote za babu kafunga na kipande cha kitambaa. Pembeni mende washaanza kujilia.

Sasa nimezisoma. Mi nilitegemea nikute mizinga, Amin, Kampala, si ndo hadithi tunazokua nazo. Wapi. Kila barua inaanza vilevile, "Mke wangu mpenzi, pokea salamu zangu nyingi, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako na watoto", halafu moja kwa moja anaingia kwenye mikorosho. Nani anapalilia ile ya mahame (walihamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki kule kule porini), pesa ya korosho isiguswe mpaka zitimie za bati, usiende bondeni kuteka maji peke yako, mwambie shemeji arudishe jembe. Mzee anagombana na jembe toka Uganda!

Nawawekea vipande viwili tu, bibi karuhusu.

Hii haina tarehe vizuri, nadhani mwanzoni: "Nimeona bahari isiyo na chumvi, nimeyanywa maji yake kwa mkono. Watu wa huku wanakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Mimi nataka ugali wa muhogo."

Na hii ni ya Machi 1979, nanukuu karibu yote: "Mvua huku haikatiki, viatu havikauki wiki nzima. Yule mbuzi mweupe asiuzwe. Mtoto asiingie jandoni mpaka nirudi. Nisalimie wote wanaoniulizia."

Basi. Machi 1979 jamani! Ndo maana nauliza, alikuwa anamficha bibi au alikatazwa, au labda hata hakuwa mstari wa mbele, alikuwa stoo huko nyuma? La pili, ba mdogo anataka akazipige laminesheni Masasi zisiharibike. Niende au nisubiri?

korosho_ghafi

Mabomu yanapita yeye anawaza mbuzi mweupe 😂😂 huyo Mmakonde halisi, Mtwara kuchele!

Ila kwa kweli babu zetu hawakuwa watu wa kusimulia. Wa kwetu alirudi na kovu la bega, ukimuuliza anakwambia "nilianguka".

Mzee wa Kombati

Marahaba wajukuu.

Mimi nilikuwepo kwa hiyo nitajibu kwa ninavyojua. Kwanza huyo hakuwa stoo. Soma tena hiyo barua ya Machi taratibu. Mvua haikatiki, viatu havikauki wiki nzima. Mwaka ule masika yalitukuta tunatoka Masaka tunaelekea Kampala, na pale Lukaya barabara inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, kulia maji kushoto maji, na mbele Walibya ambao Gaddafi aliwaleta kumsaidia Amin. Usiku wa tarehe 10 Machi brigedi ya 201 ilipigwa ikarudi nyuma, kesho yake 208 ikazunguka ubavuni na ile 201 ikajipanga upya ikawakabili mbele, hapo ndo Walibya wakakimbia wakaacha magari. Mtu aliyekuwa maeneo yale mwezi ule akikuandikia viatu havikauki basi ameshakwambia yuko wapi. Siwezi kusema kwa uhakika ndo alikuwa pale, lakini stoo watu walikuwa wanavua viatu wanaanika.

Na hiyo bahari isiyo na chumvi ni Ziwa Victoria bila shaka, upande wa Bukoba huko. Sisi wa pwani wote tulishangaa, kuna mwenzangu wa Kilwa Masoko alionja akatema kwanza kwa mazoea.

La kuficha. Ndugu yangu, askari akiwa vitani haandiki yuko wapi, wako wangapi, wanaelekea wapi wala nani kafa. Tuliambiwa na tulielewa, maana barua inapita mikono mingi na hujui itaishia kwa nani. Na hata bila kuambiwa ungeandika nini? Uandike jana tumemzika fulani wa Tandahimba, halafu mke wa huyo fulani anachota maji kisima kimoja na mke wako? Taarifa ya kifo inapelekwa na jeshi, siyo na wewe. Wenzetu wengi walizikwa Kaboya kule Muleba. Kwa hiyo unaandika mbuzi, na ukiandika mbuzi unapumzika, kwa dakika kumi uko kwenu.

Halafu tulikuwa tunaandikia magotini, kalamu moja watu wanne wanaisubiri. Barua fupi siyo dharau.

Binti Nachingwea

Asante sana mzee wetu, Mungu akuweke.

Mi naongezea upande wa waliobaki nyumbani maana hapa kila mtu anamwangalia mwandishi tu. Swali, barua alikuwa anasoma nani? Kwetu Nachingwea mama mkubwa wangu mume wake alikuwa hukohuko, na yeye hakujua kusoma, barua ikifika kwenye sanduku la posta la shule mwalimu anampa mtoto wa darasa la tano aipeleke, na huyohuyo mtoto ndo anaisoma kwa sauti, barazani, mama mkwe kakaa, mashemeji wamekaa, jirani kapita kuomba moto naye kakaa. Sasa hapo mwanaume aandike nini? Naogopa? Nimekumiss? Anajua kabisa itasomwa mbele ya mama yake mzazi. Kwa hiyo anatoa maagizo, maana maagizo yanasomeka mbele ya watu. Mama mkubwa anasema yeye alikuwa anasikiliza mwisho tu, pale kwenye "nisalimie wote", akitaja jina lake mara ya pili ujue ana hali nzuri, asipotaja anakosa usingizi. Hayo walipanga wenyewe kabla hajaondoka.

Na barua hazikuwa zinafika kwa mpangilio. Mkumbuke daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 juzi tu hapa, enzi hizo ni kivuko cha Ndundu, Rufiji ikijaa barabara ya Dar kuja kusini inakatika, unaweza ukapata barua tatu kwa mpigo, ya mwisho ukaisoma kwanza. Mtu ameshaambiwa korosho ziuzwe kwenye barua ya pili, ya kwanza inakuja baadaye inasema zisiuzwe. Ugomvi.

Mjukuu mi nakuuliza mawili. Bibi yako alijua kusoma? Na majibu yake yako wapi?

Mjukuu wa Kitangari

Aisee nimesoma haya yote nimeenda kumuuliza bibi muda huohuo, nimemsomea na mlivyoandika.

Kusoma alijua! Alisoma kisomo cha watu wazima, zile za Mwalimu baada ya kutangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, wanasema darasa lilikuwa chini ya mwembe na wanaenda na watoto mgongoni. Ila anasema hata yeye barua ilikuwa inasomwa mbele ya watu kwanza, ndo utaratibu, halafu usiku anairudia mwenyewe kwa koroboi. Nikamuuliza sasa bibi ukirudia si ilikuwa vilevile tu, akanicheka akasema wewe unasoma maneno.

Suala la jando sasa ndo limenimaliza. Huyo mtoto asiyetakiwa kuingia jandoni mpaka babu arudi NI BABA YANGU. Vita ikaisha Juni 1979, wenzake wa rika lake wakaingia msimu huo baada ya mavuno, yeye kabaki kwa sababu ya barua. Babu hajarudi. Mwaka mwingine ndo kaingia na vitoto vidogo, mpaka leo wazee wenzake wakinywa uraka (pombe ya mabibo) wanamkumbushia kwamba yeye ni rika la wadogo zao. Sisi nyumbani tulikuwa tunajua baba alichelewa jando ila hakuna aliyetuambia kwa nini, na baba mwenyewe hiyo barua hakuwahi kuiona, alikuwa anajua tu "babu yenu alikataa". Nimempigia simu nikamsomea, kakaa kimya halafu akauliza mbuzi je, aliuzwa? (Aliuzwa.)

Lingine ambalo sielewi, mzee nisaidie, kama vita iliisha Juni 1979 mbona babu kaja 1980? Bibi hapo anabadilika sura kidogo. Kuna watu kijijini walimwambia kaoa Mganda.

Mzee wa Kombati

Hahaha. Mwambie bibi shikamoo yake hii hapa.

Kampala tuliichukua tarehe 11 Aprili 1979, watu wengi wanadhani hapo ndo mwisho. Baada ya hapo kulikuwa na safari ya kaskazini, Lira, Gulu, Arua, mpaka tarehe 3 Juni tulipofika mpaka wa Sudani. Halafu serikali mpya ya Uganda haikuwa na jeshi la kueleweka, kwa hiyo JWTZ wengi walibakizwa kulinda, wa mwisho wametoka 1981. Kwa hiyo kurudi 1980 ni jambo la kawaida kabisa.

Kuhusu Mganda sina la kusema. Wapo waliooa wakaja nao, wapo waliosingiziwa. Kama kwenye kisanduku hakuna barua ya kuomba radhi basi alisingiziwa.

Ila kwa swali la huyo binti, majibu ya bibi hutayapata. Barua ya mke unaibeba mfuko wa shati, unaisoma mpaka inakatika kwenye mikunjo, halafu inalowa. Sikuwahi kurudi na hata moja. Mwenzangu mmoja tu wa Ruangwa alirudi na karatasi ambayo unaona mistari bila maneno, na aliitunza hivyohivyo.

Kitu kingine, angalia kama kuna barua anataja watu wanaoongea lugha ya kwenu. Msumbiji ilileta batalioni kutusaidia, sasa jamaa zetu Wamakonde walipokutana na wale wa ng'ambo ya Ruvuma kule Uganda ilikuwa ni sherehe, wanaulizana koo, sisi wengine tunaangalia tu.

Mtunza Makabrasha

Wakuu samahani naingilia, mimi kazi yangu ni masjala.

USIPIGE LAMINESHENI. Narudia, mwambie ba mdogo aache kabisa. Ile plastiki inayeyushwa kwa moto, inashika karatasi moja kwa moja, huwezi kuitoa tena, na wino wa kalamu za zamani ukipata joto unaweza kuvuja au kufifia. Selotepu nayo hapana, gundi yake inageuka njano na kula karatasi. Toa pini na vibanio vya chuma kama vipo, hewa ya kwenu ina unyevu vinashika kutu haraka. Usipulizie dawa ya mende juu ya karatasi, ua mende chumbani, siyo kwenye barua.

Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, kivulini karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma. Na bahasha pia!! Watu wanatupa bahasha, kumbe muhuri wa posta ndo una tarehe na mahali, na wewe umesema kuna barua hazina tarehe. Kila barua ibaki na bahasha yake. Picha zitume kwa ndugu wawili watatu simu ikiibiwa zisipotee. Halafu barua zenyewe zilale zimenyooshwa kwenye karatasi nyeupe safi, ndani ya boksi kavu, juu, mbali na ukuta. Sanduku la bati si baya ila lisigusane na karatasi.

Ukiona familia inakubali baadaye unaweza kuongea na Nyaraka za Taifa, wanapokea kumbukumbu za watu binafsi. Siyo lazima uwape zenyewe.

korosho_ghafi

Ushauri mzuri ila kwa nini asiweke zote humu tu tusome? Historia ya nchi hii, makamanda wamesimuliwa kila mahali, askari wa kawaida na mke wake nani anawajua. Weka zote kaka.

Binti Nachingwea

@korosho_ghafi mwenye barua yupo hai. Barua zimeandikwa kwake, siyo kwa taifa, akisema mbili ni mbili.

Mjukuu, kabla ya picha na maboksi washa simu umrekodi bibi. Usimuulize "vita ilikuwaje", msomee barua moja umuulize siku inafika alikuwa anafanya nini na alijibu nini. Majibu yake bado anayo kichwani, ndo nusu ya barua uliyoikosa. Sukari ilikuwa haionekani madukani, sabuni hakuna, halafu Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi 18, yeye ana watoto na mikorosho ya mahame. Mbuzi aliuzwa kwa nini? Hapo ndo pa kuanzia.

Mjukuu wa Kitangari

Laminesheni imekufa rasmi, ba mdogo kanuna lakini kaelewa. Bibi kakubali kurekodiwa ila kasema kuna barua moja kaitoa kaiweka kwake na hiyo nisimuulize, nimeheshimu. Mbuzi mweupe aliuzwa alipougua shangazi, alimpeleka Ndanda hospitali, na alimwandikia babu. Anasema jibu lilikuja "umefanya vizuri" na ndo barua pekee ambayo babu hakuagiza kitu. Naitafuta kwenye fungu siioni, nahisi ndo hiyohiyo aliyoificha 😄

Mzee, kuhusu watu wa Msumbiji, ipo! Kaandika "nimekutana na wajomba wa ng'ambo ya mto, wanakusalimu ingawa hawakujui". Tulikuwa tunajiuliza wajomba gani.

Mzee wa Kombati

Umeona sasa. Geuza bahasha ya hiyo barua uangalie nyuma au kwenye kona, kama kuna namba halafu KJ (kikosi cha jeshi) niandikie hapa, naweza kukwambia alikuwa na nani.

Mjukuu wa Kitangari

Imebaki KJ tu mzee, namba zimeliwa. Mende wa Kitangari hawana adabu. Ila bahasha nyingine ziko kwa shangazi Masasi, aliwahi kuzichukua kwa ajili ya stempu, nikizipata naja nazo hapa.