Jirani Myahudi na jiko langu la kitimoto

Habari zenu ndugu. Jumapili tunachoma nyama uani, hapa Thornhill, Kanada, na nimewaalika jirani zetu Wayahudi, watu wa dini hasa, wale walionizolea theluji nilipokuwa na mimba. Nyama nimenunua ya halali. Mishkaki nalaza kwenye mtindi kama kawaida. Wasiwasi wangu ni jiko, mume wangu huchomea kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Nikilisugua vizuri si yatosha?

— Dada wa Thornhill

Dada, haitoshi. Nimefanya kazi miaka 6 kwenye jiko la kosheri, yaani la chakula kinachofuata sheria ya dini ya Kiyahudi, hapa London, kwa hiyo nakupa ya jikoni, ya rabi, mwalimu wao wa dini, muulize rabi.

Mtindi utoe kabisa. Nyama na maziwa kwao havikutani, wanashika lile neno la Kutoka 23:19 la mwana-mbuzi na maziwa ya mama yake. Kuku naye wanamhesabu nyama. Lainisha kwa papai bichi na ndimu. Chai ya maziwa baada ya kula sahau, wengi hungoja masaa 6.

Halali nayo siyo kosheri. Wana mchinjaji wao, na nyama hulowekwa nusu saa, kisha hukaa kwenye chumvi saa nzima ili damu itoke. Ila ini, damu yake ni nyingi mno, chumvi hailiwezi: ni lazima lipite kwenye moto. Siku ya kwanza nilipoona ini limepasuliwa, limenyunyiziwa chumvi, linadondosha damu kwenye miali, nikasema kumbe hawa nao wachomaji wenzetu!

Wavu wako umeshanyonya mafuta ya kitimoto. Kwao chuma cha hivyo huchomwa mpaka kiwe chekundu, kazi ya mtu anayejua. Usijaribu kwa kubahatisha. Nunua nyama bucha la kosheri, pakiti jirani aifungue mwenyewe, moto awashe mwenyewe, nyama aiweke mwenyewe. Sahani za karatasi. Na kuhusu kitimoto mwambie ukweli, usimfiche.

— Kaka wa London

Asante kaka. Nimemgongea, nikamweleza yote, akacheka. Anakuja na jiko lake na mkaa. Kachumbari yangu anaitaka, lakini eti kitunguu kwa ukali wake huchukua ladha ya vyakula vilivyowahi kukatwa kwa kisu. Kwa hiyo Jumapili asubuhi nakwenda kukatia kwake, kwa kisu chake, kwenye ubao wake. Nyanya nimeshanunua.

— Dada wa Thornhill