Naomba ushauri: bustani ya mboga nyuma ya nyumba, Mafinga

Habari zenu wakuu. Nimehamia Mafinga kikazi, nyumba niliyopanga ina kieneo nyuma, kama hatua kumi kwa sita. Nimekulia Dar, jembe nalijua kwa jina tu, lakini nimechoka kununua mboga kila siku wakati ardhi ipo bure.

Mwezi uliopita nilijaribu. Nikatengeneza matuta mawili, moja sukuma wiki, moja spinachi. Jirani akanipa mbolea ya kuku, nikaimwaga mbichi, tena kwa ukarimu. Wiki haikuisha, miche ikaungua majani. Iliyopona nikaikuta asubuhi imelala, imekatwa shinani kama kwa wembe. Mama mmoja wa hapa akafukua udongo kidogo kwa kijiti, akanionyesha mdudu mnene amejikunja: sota. Akacheka sana, sijui kwa nini.

Sasa nataka kuanza upya. Samadi ya ng'ombe nimeipata, nimeilundika inaendelea kuoza. Nitajuaje kwamba imeiva? Sota nimdhibiti vipi bila kupiga dawa kali, maana watoto wanacheza hapohapo? Wengine wanasema majivu, wengine nizungushie miche makopo yaliyokatwa.

Halafu hii baridi ya Juni na Julai, nasikia jalidi hubabua nyanya usiku mmoja. Niachane nazo kwanza, nibaki na mnafu, figili na kabichi? Maji ni ya bomba, bili ninalipa mwenyewe, kwa hiyo mtu asinishauri kumwagilia mara tatu kwa siku.