MREJESHO: Muziki wa chinichini na misamiati ya Kifaransa kwa watoto

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kama kuwawekea watoto muziki wa chinichini kunawasaidia kushika maneno ya Kifaransa. Asanteni sana wote mliojibu.

Ushauri wa kuondoa nyimbo zenye maneno ndio uliozaa matunda zaidi. Mdogo alikuwa anashika kadi ya "la fenêtre" (dirisha) huku midomo inafuata kiitikio! Sasa naweka ala tupu, za taratibu, sauti ya chini kiasi kwamba sihitaji kupaza yangu. Anatulia, na anakaa na kadi muda mrefu bila kusukumwa.

Aliyenitajia Georgi Lozanov, yule Mbulgaria wa sajestopedia (njia ya kufundisha lugha kwa utulivu na muziki), ubarikiwe. Kusoma maneno kwa sauti kwa kufuata mwendo wa muziki kumempendeza sana mdogo.

Ila kumbukumbu ni jambo jingine. Muziki ukilia anajibu vizuri, nikiuzima na kumuuliza kesho yake anakwama. Hapo kilichosaidia ni ule ushauri wa kufunika kadi, kumuuliza kukiwa kimya, kisha kurudia baada ya siku kadhaa. Na maneno yaliyoganda kabisa ni yale tuliyoyaimba wenyewe, siku za wiki na namba. Kuimba kunashinda kusikiliza, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kwa mkubwa haikufaa kabisa. Anasema muziki unamvuruga, nikamwacha asome kimya, na anaendelea vizuri. Kwa hiyo mwenye watoto wawili asilazimishe njia moja.